Baba alikuwa seremala, nimeambiwa niandike maisha yake nimeishia mistari mitatu

Habari Shangazi,

Naomba unisaidie maana nimekaa na hili jambo wiki tatu sasa na siku zinazidi kuisha. Baba yangu amefariki miezi saba iliyopita akiwa na miaka 74, alikuwa fundi seremala kijijini maisha yake yote, yaani tangu kijana mpaka mikono ilipoanza kutetemeka. Familia imepanga kukutana mwezi ujao, watoto, wajukuu, ndugu na majirani, ili tumkumbuke vizuri, maana siku ya mazishi kila kitu kilienda mbio na wasifu uliosomwa aliuandika mtu asiyemjua, hata mwaka wa kuzaliwa alikosea. Sasa wamesema mimi ndo niandike kwa sababu nafanya kazi ya ofisi na kompyuta ninayo.

Shangazi nimekaa, nikaandika hivi: "Marehemu alikuwa seremala hodari na baba wa familia mwenye upendo. Alikuwa mpole na mchapakazi. Ameacha mjane, watoto 6 na wajukuu 11." Basi. Nikakwama hapo hapo mpaka leo.

Mzee hakuwa mtu wa maneno. Ukiniuliza alipenda nini, aliogopa nini, alimpataje mama, sina jibu. Ninachokumbuka ni mlio wa randa alfajiri kabla hatujaamka kwenda shule, shwaa, kimya kidogo, shwaa tena, na harufu ya mbao mbichi, na maranda yamemnasa kwenye nywele na kwenye sweta, mama alikuwa anayazoa kwenye gunia ya kuwashia moto. Penseli ilikaa sikioni mpaka wakati wa kula. Kidole kimoja cha mkono wa kushoto hakikuwa na ncha, msumeno uliichukua kabla sijazaliwa. Lakini hivi si vitu vya kusoma mbele ya watu, au nakosea?

Halafu kuna hili linaloniuma. Nilipomaliza sekondari tulikuwa na mahafali, mimi nilikuwa wa pili shule nzima na nilikuwa napewa zawadi, baba akaahidi atakuja. Hakuja. Kumbe usiku ule kulikuwa na msiba kijiji cha pili, mtoto mdogo, wakamfuata awatengenezee jeneza akabaki nalo. Nimerudi nyumbani nikamkuta anafagia karakana, nikamwambia mbele ya mama, wewe mbao zako unazipenda kuliko sisi. Hakunijibu, akaendelea kufagia. Hatukuwahi kuliongelea tena, miaka 21 hiyo, na mimi hasira ilikuja kuisha polepole tu bila mtu kuomba msamaha, si yeye si mimi. Sasa naandikaje "baba mwenye upendo" wakati nikifika kwenye hilo neno mkono unasita?

Na yeye aliyewatengenezea watu majeneza miaka yote, la kwake tulinunua mjini. Linang'aa kweli, lakini nilikuwa nimesimama karibu nikaona pale pembeni mbao hazijakutana, kuna uwazi kucha inaingia, wamejaza gundi na vumbi la mbao wakapaka vanishi juu. Nikawaza baba angepitisha dole gumba pale na asingesema kitu.

La mwisho. Kaka yangu anataka kuuza vifaa vyote vya karakana na mnunuzi ameshapatikana, anasema vinaliwa na kutu bure. Kuna kijana aliyefundishwa na mzee, aliingia akiwa na miaka 16 na wakafanya kazi pamoja miaka 11. Alikuja wiki iliyopita akasimama mlangoni wala hakuingia, akaomba randa moja tu, ile ya mti. Kaka akamwambia vitu vya marehemu havigawiwi hovyo. Akaondoka. Mimi nilikuwepo na nilinyamaza.

Niandike nini Shangazi? Na hilo la mahafali nilitaje au niliache lizikwe? Na vifaa tufanyeje?

Binti wa Fundi

---

Binti wa Fundi, pole sana mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, ya pili nikaisoma kwa sauti, na nataka nianze na kitu ambacho naona hukukiona mwenyewe. Unasema umeshindwa kuandika maisha ya baba yako halafu hapo hapo umeniandikia mimi maisha ya baba yako. Ile mistari mitatu ingesomwa kwenye msiba wa mtu yeyote na hakuna angeshtuka. Lakini shwaa, kimya kidogo, shwaa, huyo ni mtu mmoja tu na wewe ulimsikia ukiwa kitandani. Kile kimya cha katikati ni fundi anarudisha randa nyuma, na pengine anapitisha kiganja juu ya ubao aone kama bado kuna mahali pamenyanyuka. Anza hapo. Usianze na alizaliwa. Anza na mlio, maana wenzako watano waliusikia kutoka chumba hicho hicho na wakiusikia tena kwenye mdomo wako nyumba nzima itanyamaza. Futa mpole na mchapakazi, hata kama ni kweli.

Mi nimekulia karakanani, baba yangu mdogo alikuwa seremala kama wako na alikuwa mkimya kama wako, kwa hiyo haya nayosema nimeyashika kwa mkono. Fundi asiyesema unamsoma kwenye kazi zake. Nenda nyumbani mapema kabla ya huo mkutano, chukua kiti au meza aliyoitengeneza, ipindue miguu juu. Juu ya meza pamepigwa msasa na vanishi, hapo hakuna la kusoma, ila kule chini ambako hakuna anayepatazama fundi huwa anaacha mwendo wake. Washa tochi ya simu uilaze upande ili mwanga upite juu juu, utaona mawimbi madogo ya randa yamefuatana, yapapase kwa vidole. Halafu angalia pale mguu unapokutana na mbao ya pembeni. Kuna uwezekano ukakuta alama za penseli, mistari miwili hapa na mistari miwili kule, au namba, hizo ni za kujua ulimi huu, yaani ncha ya mbao inayochomekwa, ni wa tundu lile, maana kila ulimi unachongewa tundu lake na ukibadilisha haviingii vizuri. Ni mwandiko wa baba yako huo na umekuwepo chini ya sahani zenu miaka yote.

Halafu nenda kwenye mlango wa zamani alioutengeneza yeye. Mbao haitulii hata ikishakuwa mlango, msimu wa mvua inavuta unyevu inatanuka, kiangazi inasinyaa, na inafanya hivyo zaidi kwa upana, kwa urefu ni kidogo sana hata huoni. Fundi anayejua haligandishi gundi lile bapa la katikati, analiacha lichezecheze ndani ya mfereji wa fremu ili lipate pa kwenda, asiyejua analibana kote na mwaka wa pili limepasuka. Sasa we fungua funga huo mlango. Kama baada ya miaka 30 bado unafunga bila kuuinua kwa bega, hilo liandike, kwa maneno hayo hayo, mlango huu bado unafunga. Linasema zaidi kuliko hodari.

Na angalia kama kuna mbao zimebaki zimepangwa pembeni ya karakana, zimelazwa na vijiti vyembamba katikati ili upepo upite. Mafundi wana hesabu yao ya zamani, ubao wa unene wa inchi moja unakaa kama mwaka mzima kivulini kabla ya kuaminika, inategemea mti na hali ya hewa lakini ndo hivyo. Maana yake mzee alikuwa ananunua mbao kwa ajili ya kazi ambayo haijaja bado. Kama zipo, zina unene gani, alizipanga lini, zilikuwa za nini? Hapo kuna kitu alichokuwa anakiwaza mwaka wake wa mwisho na hakumwambia mtu. Au alimwambia mtu mmoja.

Huyo mtu ndo nataka tumwongelee sasa, na hapa sitakubembeleza. Yule kijana mliyemkatalia randa ndiye mwenye wasifu mnaoutafuta. Miaka 11 mwanangu. Nyinyi watoto mlimwona mzee asubuhi na jioni, yeye alikuwa naye kutwa nzima, upande wa pili wa ubao ule ule, mmoja anasukuma msumeno mwingine anashika. Watu wakimya kuna mahali wanaongea na kwa seremala mahali penyewe ni kazini, anaongea anaponoa patasi, anaongea akisubiri gundi ishike. Baba yangu mdogo nyumbani alikuwa bubu kabisa lakini mwanafunzi wake alikuja kutusimulia, baada ya mazishi, namna mzee alivyomtoroka baba yake akiwa kijana ili ajifunze useremala, habari ambayo mkewe mwenyewe alikuwa hajawahi kuisikia. Nyinyi mnaye mtu kama huyo, yuko hai, alikuja mwenyewe kwa miguu yake mpaka mlangoni na akaomba kitu kimoja. Hakuomba mashine, aliomba randa ya mti, ambayo kwa mnunuzi wa kaka yako haina thamani ya maana. Ukiishika utaona pale nyuma kiganja kinapokaa pamelika na kulainika, mti umechukua umbo la mkono, na kama huyo kijana ameitumia miaka yote hiyo sehemu ya huo ulaini ni wa mkono wake.

Kwa hiyo jibu langu la vifaa ndo hili: randa apewe huyo kijana, na asipewe kama hisani, mpelekeeni kwake. Ulinyamaza ile siku, sawa, sikulaumu, msiba unawafunga watu mdomo na kaka ni kaka. Ila nenda kamwambie kaka yako wewe na yeye peke yenu, si mbele ya mama wala kwenye lile grupu la familia kwenye simu. Usimwanze kwa kumwita mchoyo. Inawezekana ana madeni ya hospitali na mazishi ambayo anayabeba kimya kimya na nyinyi wengine hamjauliza, muulize kwanza hilo. Kama kuna mashine ya umeme na vitu vikubwa mnataka kuviuza mgawane au mlipe madeni, sioni kosa, chuma hakimkumbuki mtu. Vya mkono ndo nasema subirini, msumeno, patasi, tezo, keekee, tupa, kinoo, hivyo hata mkiuza havitawatoa popote. Na huyo mnunuzi anaweza kungoja mpaka mkutano wenu upite, kama kweli anavitaka.

Na kabla hata ya hapo, kabla mtu hajafagia wala hajapanga, piga picha karakana ilivyo. Kila ukuta, meza ya kazi kwa juu, misumari iliyogongwa ya kutundikia vitu, hesabu alizoandika kwa penseli ukutani kama zipo, kinoo kilivyobonyea katikati kama mtumbwi. Karakana ikishapangwa vizuri imeshakufa, hutajua tena kwamba patasi ndogo ilikaa mkono wa kulia karibu na dirisha kwa sababu ndiyo aliyoishika mara nyingi. Halafu muite kijana aingie ndani, mpe kiti, mshikishe kifaa kimoja kimoja akuambie kinaitwaje na mzee alikuwa anakifanyia nini. Washa simu irekodi, muombe ruhusa kwanza, iweke karibu naye na mbali na upepo, na siku hiyo hiyo iweke rekodi mahali pawili maana simu zinaanguka majini na kuibiwa. Usimuulize mzee alikuwa mtu wa namna gani, atakwambia mpole. Muulize siku ya kwanza alikupa kazi gani? Ulipoharibu ubao alifanya nini? Kitu gani mzee alikuwa anakirudia kila siku? Alikataa kazi ya nani na kwa nini?

Mama naye usimkalishe kama shahidi mahakamani. Kaa naye akifanya shughuli zake, msaidie, maneno yatatoka yenyewe mikono ikiwa na kazi. Kisha zunguka nyumba tatu nne zenye vitanda vya mzee, anza na wenye umri mkubwa, waulize aliwatengenezea nini, walimlipa nini, na kama hawakumlipa ilikuwaje. Ukikuta daftari lake la madeni, na mafundi wengi wanalo, lisome wewe ila majina ya wadaiwa usiyatamke mbele ya watu, yeye alikaa nayo bila kuyatangaza.

Kaka yako kwenye suala la kutu yuko sahihi, hilo mpe. Zile bapa za chuma za randa na patasi zitoe kwenye mti, zilaze kwenye siki usiku kucha, asubuhi sugua na brashi, suuza, kausha kabisa pale pale halafu paka mafuta, zitarudi. Mipini ya mti usiiloweke, ipake mafuta ya kitani, yale ya linseed, kidogo kidogo. Ila sikia vizuri, kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikifinyange ukakitupa kwenye kona yenye maranda, yale mafuta yakikauka yanatoa joto na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kushika moto chenyewe bila mtu kuwasha kiberiti. Kitandaze nje mpaka kikauke kabisa kikakamae. Na mkiona unga mwepesi chini ya mbao na vitundu kama vya sindano, hiyo imebunguliwa, itengeni na nyingine haraka.

Sasa mahafali. Nimeliacha hili mwisho kwa sababu ndilo lililokufanya uniandikie, hayo mengine ni njia tu ya kulifikia. Watakuja watu wakuambie kila kiti alichochonga kilikuwa namna yake ya kusema anakupenda. Usiliandike hilo kama huna ushahidi nalo, kiti ni kiti, aliwatengenezea hata watu asiowapenda. Ninachokijua mimi ni hiki: kazi zote za seremala zinaweza kungoja, meza inangoja, mlango unangoja, kitanda cha maharusi kinangoja mpaka watu wanagombana, jeneza peke yake ndo halingoji. Na la mtoto ndilo gumu kuliko yote, mbao zake ni fupi na hesabu yake inaisha haraka mno, baba yangu mdogo akitengeneza hilo alikuwa anatufukuza wote karakanani na jioni hali. Ile siku baba yako alikuwa na mzazi mwingine amesimama mlangoni. Mi naamini alichagua sawa.

Na bado wewe ulikuwa binti wa miaka kumi na kitu umeshika zawadi unatazama getini. Hilo nalo ni kweli na wala halifutwi na lile la kwanza. Na sitamtetea kwenye kunyamaza kwake, alikuwa na miaka 21 ya kusema mwanangu ile siku iliniuma na mimi, hakusema, hapo alikosea. Wewe pia ulikuwa nayo. Basi liandike. Si refu, mistari mitano sita, sema aliahidi, sema hakuja, sema alikuwa wapi, sema ulichomwambia, sema aliendelea kufagia. Usiongeze maelezo ya kumsafisha wala ya kumchafua. Kisha baada ya hapo nenda kwenye jambo lingine, kwa mfano lile la kidole. Ukilisoma hivyo utaona hata neno upendo huhitaji kulitafuta, wasikilizaji wataamua wenyewe liwekwe wapi. Ila kabla ya siku yenyewe msomee mama yote, kwa sauti, jioni moja mkiwa wawili, kwa sababu alikuwepo pale uliposema yale maneno na inawezekana anajua mzee alisema nini usiku ule chumbani. Akisema hili litoe, litoe. Na kama ile familia ya yule mtoto itakuwepo mkutanoni, watangulie kuwaambia, wasije wakashtukia msiba wao unasomwa mbele ya watu.

Lile jeneza la mjini lisikutese sana. Mlikuwa na haraka na uchungu na mlinunua lililopatikana. Ila jiulize kama kuna mtu alimfikiria yule kijana siku ile, maana mi nadhani angekesha akalitengeneza, na pengine alisimama huko nyuma kwenye mazishi akaona ile pembe ulivyoiona wewe. Ukikutana naye muulize kama aliiona. Nadhani maongezi yenu yataanzia hapo.

Kurasa tatu au nne zinatosha, zaidi ya hapo watoto wanaanza kulia njaa. Majina ya wajukuu wote 11 yasome, moja moja, hilo watalipenda. Na mpigie huyo kijana simu leo, kabla mnunuzi hajarudi.

Shangazi